Komba wa Sufi

Nimeanza na vitanzi sita, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kwenye kibaraza kilichobanduka saruji,
sindano ya kroshia namba tatu, uzi rangi ya chai ya maziwa
niliougombea bei hadi muuzaji akanitupia na pini ya bure.
Sita. Kumi na mbili. Kumi na nane.
Duara linaumuka kama andazi kwenye mafuta.

Wifi yangu Nasra yuko Bombo tangu alfajiri.
Simu iko pajani, nimeilaza kifudifudi.
Mkono ukiwa na kazi, hofu hukosa pa kukaa.

"Mnyama gani huyo?"
Bi Mwanamkasi, mama yake Nasra, ana ungo wa mchele,
anachagua chuya kwa ncha ya kucha.
"Komba."
Kidole kikasimama juu ya ungo.
"Komba! Mlevi wa watu!
Mtoto hajaonja hata ziwa la mamaye,
wewe umeshamwekea mnywa tembo kitandani?"

Nikamwambia: komba halewi kila siku, mama.
Kule Mabokweni tulikokulia
alikuwa akilia mnazini usiku, sauti ya kichanga hasa,
na marehemu mama hutoka chumbani na chemli mkononi
kuja kutuhesabu: mmoja, wawili, watatu,
tumo wote,
akarudi kulala.
Simjui mnyama mwingine aliyefanya nihesabiwe.

Bi Mwanamkasi akapeta mchele, hakujibu.

Safu ya tisa nilipoteza kitanzi,
sikugundua hadi ya kumi na nne: shingo imekwenda upande
kama ya mtu anayetegea umbea wa jirani.
Nikauvuta uzi nifumue, ukaachia vitanzi viwili,
nikauacha.
Na asikilize.

Tumboni nimemtia sufi ya mto wa zamani.
Mbegu zake nimezitoa moja moja, nyeusi, ngumu,
kidole gumba kikanuka vumbi la usingizi wa watu waliokwisha kuhama.
Macho nimeyadarizi. Sikutaka vifungo:
kifungo hung'oka, na koo la mtoto si mfuko.
Ikabaki sauti.
Choroko, nikasema, ndani ya kichupa cha wanja.
"Zitaingia fukusi," akasema Bi Mwanamkasi,
macho yako mcheleni, ulimi umeshaingia kazini.

Ndipo Hemedi akafika, baiskeli akiikokota,
chupa ya uji imerudi tupu, nayo ni habari njema,
wanaume wamefukuzwa wodini.
Kaka yangu huyu alikuwa refa wa mechi za mitaa
hadi goti lilipomtoa yeye kwa kadi nyekundu.
Filimbi bado ameivaa shingoni, mwaka wa pili sasa, haipulizi.
Akamtazama komba aliyepasuliwa tumbo.
Akaivua. Akaiweka sakafuni, akaigonga kwa mchi,
mara moja, ya pili ikavunjika,
na kile kipunje cha ndani kikaruka hadi kwenye ungo
tukakitafuta wote watatu katikati ya mchele
kwa vichwa vilivyogongana.

Kikaingia kichupani pamoja na kokoto tatu za uani.
Nikatingisha: chaka, chaka.
"Sasa mpira atauchezesha nani?" nikamuuliza.
Hemedi alikuwa akikusanya vipande vya filimbi kiganjani,
akavitia mfuko wa shati.

Mkia niliufuma usiku, mrefu kuliko mnyama mwenyewe,
maana mtoto hushika kinachomzidi.
Simu ilipotetema nilikuwa kitanzi cha arobaini na moja.
Nilikimaliza kwanza.

Leo ni arubaini yake. Msichana. Ana ngumi za kudai deni.
Ameunasa mkia, anatingisha bila kujua kwamba ni yeye,
na kila kikilia chaka Hemedi anaganda na birika mkononi
kama anayesubiri nani kacheza rafu.

Bi Mwanamkasi amempakata mjukuu, anawaonyesha wageni.
"Huyu ni komba wetu," anasema,
anamnyoosha shingo, inarudi upande.
"Lakini huyu hanywi."